Mgeni aliyekula mchango wetu: namna tulivyopata mafunzo ya wafanyakazi Butembo wakati wa vita

Wakuu, habari za huko mliko. Naandika kutoka Butembo, polepole, kwa kidole kimoja.

Juzi mwenzetu mmoja aliuliza humu: kampuni ndogo inayohudumia jamii inapata wapi pesa za kufundisha wafanyakazi wake? Alijibiwa kwa maneno makubwa. Mimi nitamweleza yaliyonipata, bila kujipamba. Kuna mahali nitaonekana mjinga. Mniache hivyo hivyo, maana ndivyo nilivyokuwa.

Miaka ya vita nilikuwa gérant, yaani meneja, wa atelier, karakana ndogo ya sabuni na ushonaji. Faida yake ililisha nyumba ya watoto viziwi iliyokuwa nyuma ya atelier. Akina mama kadhaa walifanya kazi pale, na aliyewaongoza wote alikuwa mke wangu, Masika.

Masika alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Alikuwa akijicheka mwenyewe: "Mungu alinipa kengele, kisha akanipa batoto ba hapana sikia!"

Siku moja yeye, akina mama na watoto walikuwa wanatoka shambani, upande wa Vuhovi. Kwenye barrière, kizuizi cha kamba barabarani, askari akapaza sauti: "Telema!" Ni Kilingala, simama.

Wote wakasimama isipokuwa Kahindo, msichana mdogo kiziwi aliyekuwa mbele na kuni kichwani. Askari akapiga risasi hewani. Kahindo akaendelea kutembea.

Masika akatupa jembe, akakimbia, akamwangusha na kumlalia.

Walirudi nyumbani na matope mpaka kwenye nywele. Akaniambia, "Tata Kambale, siku ingine sitafika mbio. Bamama bajifunze kusema na hawa batoto kwa mikono. Mwalimu iko Beni."

Kweli, Beni kulikuwa na mwalimu wa lugha ya ishara, jina lake Paluku. Lakini alihitaji kulipwa, na atelier yetu wakati ule ilikuwa inahema tu, kwa sababu malori ya wanunuzi wa Kirumba yalikuwa yanafika kwa bahati. Kulikuwa na shirika moja lililofadhili mafunzo. Nikaamua kuwaandikia.

Hapa ndipo ujinga wangu ulipoanza. Nilikuwa nimemaliza secondaire na nilitaka ijulikane. Nikaandika Kifaransa cha suti na tai: renforcement des capacités, approche intégrée. Nikaomba mafunzo ya Kampala.

Ya nani? Ya gérant na comptable, mhasibu wake.

Masika alinisikiliza nikisoma mpaka mwisho. "Donc Kahindo anapita kwa barrière, na wewe unaenda Kampala?"

"Ni namna ya kuandika projet," nikamjibu.

"Ah bon. Basi hiyo projet yako ipite kwa barrière mahali pa mutoto."

Shirika lilikataa, kwa heshima. Katika jibu lao waliuliza mambo matatu: nani anashinda na watoto? Ana contrat, mkataba wa kazi? Na ninyi wenyewe mnaweka nini? Hili la tatu waliliita apport local, yaani mchango wa wenyeji.

Wakuu, mkisahau mengine yote, shikeni maswali hayo. Wafadhili wote niliowafahamu baadaye waliuliza yale yale.

Nikaandika upya, safari hii tukiomba mafunzo ya ishara kwa akina mama. Wote nikawapa contrat. Isipokuwa Masika.

Niliogopa watu waseme gérant amemwingiza mke wake. Aliniuliza mara moja tu: "Mimi hapana iko mufanyakazi?" Nikamwambia, wewe ni wa nyumbani. Akasema haina neno, akarudi kwenye masufuria yake.

Upande wa apport local, jamaa za watoto walituletea maharage, unga wa muhogo, kuku na mbuzi. Stoo ikajaa. Shirika likasema litamtuma mtu aje aione kwa macho.

Akaja Mama Nsimire, mtu wa Bukavu, mwembamba, mkali, faili kwapani. Alisema atakaa siku moja. Kesho yake mapigano yakafunga barabara ya Beni aliyotaka kupitia, naye akabaki kwetu majuma kadhaa.

Sasa, mgeni akikaa kwetu anakula. Na chakula kilikuwa wapi? Kwenye stoo.

Nilimfuata Masika jikoni, nikamnong'oneza, "Mnapika apport local!"

"Tupike nini, mawe? Mugeni alale njaa juu ya projet yako?"

Barabara ilipofunguka, Mama Nsimire akatoa kalamu. "Bon, Monsieur le gérant. Nionyeshe apport local."

Nikafungua mlango wa stoo. Ndani kulikuwa na kamba ya mbuzi. Kamba tu.

Nikaanza kutafuta Kifaransa. Hakikuja. Nyuma yangu Mama Kavugho, mfanyakazi wetu mzee kuliko wote, akasema polepole, "Mama, njo ile umetoka kula," yaani ndicho hicho ulichokula.

Mama Nsimire akamtazama. "Na ile mbuzi ya jana?"

"Njo yeye."

Alicheka mpaka akashika mlango asianguke. "Mais nyinyi ni bantu ba namna gani!" Kisha akajifuta macho. "Pahali pengine bananionyesha stoo imejaa, na mimi ninalala na chai."

Akaandika pale pale: mwalimu atoke Beni aje Butembo, na malazi na chakula chake viwe juu yetu. Huo ndio utakuwa mchango wetu. "Wakiniuliza kama munaweza, nitasema nilikula mwenyewe."

Pesa ya mwalimu ikatoka.

Paluku alipofika, akina mama wakakaa darasani. Masika, kwa kuwa hakuwa na contrat, alipika. Lakini alisimama dirishani, mwiko mkono mmoja, akirudia ishara kwa mkono mwingine.

"Mama, bugali inaungua," Paluku akamwambia.

"Acha iungue. Rudilia ile ya 'simama'."

Na mimi? Nilikuwa bureau, ofisini kwangu, ukuta mmoja na darasa, napanga risiti za shirika. Sikuingia hata siku moja. Nilidhani aliyeleta mafunzo hana haja ya kufundishwa.

Akina mama wakakubaliana na Kahindo: ukiona kamba imefungwa barabarani, geuka umtazame aliye nyuma yako.

Baada ya mavuno walipita tena barrière ile ile. "Telema!" Kahindo alikuwa ameshageuka. Masika akainua kiganja. Mtoto akasimama, akatua kuni zake. Askari akazipekua, akawaruhusu.

Hakuna kingine kilichotokea. Ndiyo matokeo ya projet yetu, wakuu: siku ile hakikutokea kitu.

Miaka ikapita, vita ikawa inaondoka na kurudi. Kisha ugonjwa wa koo ukachukua ile sauti ya Masika.

Akawa anaongea na Kahindo kwa mikono, wakicheka mambo yao, na mimi nimekaa pembeni kama mgeni nyumbani kwangu. Kahindo, mwanamke mzima sasa, akaanza kunifundisha, akinikunja vidole kimoja kimoja. Nilikuwa nimechelewa. Nilipata maneno machache: maji, maumivu, dirisha, asante.

Siku zake za mwisho, kila nilipoingia, Masika alikusanya vidole, akavipeleka mdomoni, kisha akaniinulia nyusi. Hiyo haikuhitaji mwalimu. Alikuwa anauliza kama nimekula.

Basi, ndugu uliyeuliza: omba mafunzo ya kazi inayofanywa kwako kila siku. Mlete mwalimu mahali watu wako walipo. Mpe contrat kila anayefanya kazi, hata kama unalala naye nyumba moja. Na darasa likifunguliwa, mkubwa wa kampuni, ingia ukae.

Mwenye la kuongeza aandike hapa chini, hata wa kunicheka, nimestahili. Wasingya, asanteni kwa Kinande. Kahindo atakuja kuniuliza mmesema nini, na siku hizi naweza kumjibu kwa mikono.