Poda ya Mapema

Rais wa klabu yetu alinunua kopo la poda siku nyingi kabla matokeo hayajatoka. Alilileta mkutanoni, akaliweka mezani kando ya kengele yake ya shaba, akatutazama mmoja mmoja akingoja tumpongeze. Nilimwambia alifiche. Akacheka. Mimi sikucheka.

Huku kwetu Likasi, kama kote Kongo, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akifaulu mtihani wa taifa humwagiwa poda nyeupe, ile ya watoto wachanga. Anamwagiwa kichwani, usoni na shingoni mpaka yanabaki macho tu. Kisha anatembezwa mtaani vilevile alivyo, nyuma yake watu wanaimba, na hakuna anayeuliza kulikoni. Cheti chenyewe huchelewa sana kufika, hivyo poda ndiyo cheti cha kwanza.

Mimi ni fundi wa cherehani. Wanaposema usikate kanzu kabla mwana hajazaliwa, kwangu hiyo si methali tu, ni kanuni ya kazi. Nilimwambia rais maneno hayohayo. Akanijibu kwamba nina moyo wa mtu mwenye madeni, akapiga kengele, na mkutano ukaendelea.

Klabu yetu si kubwa. Rais ni mfamasia mstaafu, halafu kuna muuguzi, walimu wawili watatu, bwana mmoja wa benki anayekuja akipenda, na mimi. Tunatengeneza madawati, tumeweka taa za jua katika chumba cha parokia ili watoto wasome jioni, na kila mwanafunzi tunayemsaidia hupewa mmoja wetu awe mama yake wa shule, marraine, au baba yake wa shule. Mimi waliniingiza kwa sababu walitaka sare za bei nafuu. Nilibaki kwa sababu ya chai, na baadaye kwa sababu ya msichana mmoja niliyepewa niwe mama yake wa shule.

Msichana huyo mama yake alishafariki. Alilelewa na bibi yake, mwanamke wa Kasai ambaye mumewe aliletwa huku zamani kufanya kazi ya mgodi. Walikaa kambini, kwenye nyumba moja ya zile za wafanyakazi zilizopangwa mstari juu ya kilima. Aliyetoa chakula ni mjomba wake, mtoto wa bibi huyo, mchimbaji wa kule Kambove. Alikuwa mtu mkimya mwenye mabega mapana. Aliacha shule akiwa mdogo, wakati mishahara ya baba yake ilipokoma, na toka hapo hakuna mtu aliyemuuliza tena anataka nini.

Mjomba huyo tulimwita mkutanoni mwanzoni mwa mwaka wa shule. Alikuja na pikipiki yake, akakaa ukingoni mwa kiti, akamsikiliza rais akieleza habari za chuo cha ualimu. Rais alipomaliza, mjomba akasema kwa sauti ndogo:

"Bon. Akipita, iko wenu, mumupeleke kule munataka. Akianguka, iko wangu. Kule Kambove kazi ya kusukula mawe haikose mikono."

Kusukula ni kuosha. Mawe yale huoshwa na wanawake na wasichana, wakiinama majini kutwa nzima, na nimewashonea wengi wao wenye migongo iliyokwisha wakiwa bado vijana. Rais alimpa mkono, wakakubaliana. Mimi nilirudi nyumbani nimekasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Mwaka mzima, kila nilipomwona yule msichana amelala juu ya kitabu chini ya taa ya parokia, nilisikia lile neno, iko wangu.

Siku ya matokeo ilitukuta katika upepo wa kiangazi, ule unaojaza vumbi hadi ndani ya sufuria. Siku hizi matokeo hutumwa kwa simu. Unaandika namba ya mwanafunzi, unatuma, na jibu linakuja likipenda. Bibi hakuwa na simu na ya mjomba ilikuwa imepasuka kioo, kwa hiyo ilikuwa kazi yangu. Nilituma asubuhi na mapema kutoka uani kwa bibi. Halafu umeme ukakatika mji mzima, na mtandao nao ukaanza kuja na kuondoka.

Tulikuwa tumekusanyika pale uani: bibi, msichana, mimi, rais na muuguzi. Rais alivaa koti licha ya jua, na ubavuni palikuwa pametuna. Nikajua ni lile kopo. Mjomba alifika kutoka Kambove tukiwa tunakunywa chai. Alipoegesha pikipiki niliona kamba mpya imezungushwa kwenye kiti cha nyuma, ya kufungia mizigo. Msichana naye aliiona. Aliweka kikombe chini na hakukigusa tena.

Nilikuwa naogopa, sina haja ya kulipamba. Nikawa naifuta simu kwenye kitenge, naitazama, halafu naifuta tena. Mbali kule chini mjini kelele zilikuwa zimeanza, vifijo vya shule moja, kisha kimya, kisha vya nyingine.

Ndipo akapanda kile kilima mama mmoja anayeuza mikate ya kukaanga, beseni lake kichwani, ametoka barabara kuu. Rais alimkimbilia hata kabla hajafika.

"Mama, kule iko habari gani?"

"Ba pédagogie banapita," akasema yule mama.

"Bote?"

"Bote. Beko naimba."

Sasa msomaji wa mbali avumilie kidogo. Msichana wetu alikuwa wa ualimu, ndiyo hiyo pédagogie. Na katika Kiswahili chetu cha Katanga, "banapita" maana yake wamefaulu. Maana yake nyingine ni kwamba wamepita njia. Ni neno moja, na kwa kawaida halituletei taabu, kwa sababu mtu husikiliza mpaka mwisho. Rais hakusikiliza mpaka mwisho. Koti lilishafunguka, kopo lilishatoka, na msichana alikuwa bado hajanyanyuka vizuri alipomwagiwa poda kichwani, yote, hadi kopo likabaki jepesi.

Bibi alipiga vigelegele. Majirani wa kambi nzima walitoka. Wengine walikuwa na poda zao ndani, kila mtu akaja na kiganja chake. Mimi nilimshika yule mama wa mikate mkono.

"Mama, banapita mutihani?"

"Minye najua mutihani?" Alinishangaa. "Nasema banapita ku barabara. Ba pédagogie ba shule ingine, pale ku rond-point ya barabara kubwa. Balinimwangia poudre hata ku mikate."

Nilitazama simu. Hakuna kitu.

Nilipofika kwa rais walikuwa wameshaanza kushuka kilima wakiimba, msichana mbele, mweupe kabisa. Nilimvuta rais mkono wa koti, nikamwambia sikioni. Uso wake ukasawijika. Alikuwa bado ameshika lile kopo tupu, hajui aliweke wapi.

"Tumupanguse?" akaniuliza, mzee mzima.

"Mbele ya watu wote hawa?"

Nikaenda mbele, nikatembea ubavuni mwa msichana. Alikuwa anatabasamu kwa majirani, lakini jicho moja lilikuwa kwenye simu yangu.

"Mama marraine," akasema bila kugeuza kichwa, "message inafika?"

"Bado."

"Sasa hii poudre?"

"Tembea tu."

Akatembea. Sijawahi kumhurumia mtu kama nilivyomhurumia yeye wakati ule. Watu waliimba, bibi alicheza licha ya kisigino chake kibovu, na sisi wawili tulikuwa tunajua kwamba chini ya ile shangwe hapakuwa na kitu. Nilimwomba Mungu alete ujumbe. Halafu nikamwomba asiulete, tufike kwanza nyumbani. Nadhani nilimchosha.

Katika vurugu ile nilikuwa nimemsahau mjomba. Nilipogeuka nilimwona katikati ya watu, na yeye amepakwa. Poda ilikuwa kwenye nyusi, masikioni na kwenye yale mabega mapana. Walikuwa wanapanga mstari kumpa mkono.

"Papa ya mwenye diplôme, félicitations. Unalea muzuri," akasema mzee mmoja wa kambi, mtu mkubwa pale, ambaye kwa kawaida hata salamu humnyima.

"Minye sikufanya kintu," akajibu mjomba. "Ni ule mutoto njo alisoma."

Lakini alikuwa anacheka. Sikujua kwamba ana pengo kwenye meno, kwa sababu sikuwahi kumwona akicheka. Akatuma mtu aende kununua soda za kambi nzima, na mimi nikahesabu moyoni msiba utakaofuata. Nilisema, ee Mungu, sasa atamchukua kwa hasira.

Ujumbe uliingia tuliporudi uani, watu wakiwa wanamalizia soda. Simu ilitetemeka mkononi mwangu na msichana akaisikia kabla yangu. Alinyoosha mkono. Sikutaka kumpa, lakini ilikuwa namba yake na mtihani wake. Alisoma. Ulikuwa mfupi. Alinirudishia simu, akajipangusa macho kwa mgongo wa mkono, na mistari miwili myeusi ikabaki usoni.

Wageni walipoondoka, hakungoja mtu amsemee. Alikwenda mpaka kwenye pikipiki, pale mjomba alipokuwa amekaa.

"Tonton, message inafika. Nilianguka."

Rais alianza kueleza, kosa ni lake, ni lile neno, ni yule mama wa mikate, akanaswa katikati ya sentensi yake ya Kifaransa. Bibi alikaa chini kwenye mkeka. Mimi nilikuwa natazama ile kamba.

Mjomba alikwenda kwenye ndoo, akainama, akachota maji kwa viganja. Yalikuwa karibu na uso alipoyaachia yamwagike.

"Bantu bote balinipa mukono," akasema. "Hata ule mukubwa. Tangu nilizaliwa, hakuna mwenye alinipaka hii kintu." Akajipangusa mikono kwenye suruali, uso hakuugusa. "Sasa ntamupeleka Kambove na uso gani?"

Alikwenda kwenye pikipiki, akafungua ile kamba, akaikunja polepole na kuitia mfukoni.

"Arudilie mwaka," akasema. "Moya tu."

Akawasha pikipiki akaondoka na poda yake kichwani. Mimi, mtu wa maneno mengi, nililia pale uani kama mtoto, na msichana ndiye aliyeniletea kiti.

Klabu ilikuwa na mkutano mgumu baada ya hapo. Bwana wa benki alitaka kujua kwa nini tusaidie wanaoanguka wakati kuna wanaofaulu. Nilimjibu kwa maneno ambayo mwandishi wa mkutano alikataa kuyaandika. Rais hakupiga kengele siku hiyo. Alisema tu kwamba yeye atamlipia mwalimu wa hesabu wa jioni, na tukapiga kura.

Basi sasa mwaka unakwisha tena. Mtihani ameshaufanya mara ya pili, na tunangoja. Simu yangu naichaji kila umeme unaporudi. Mtu akipiga kelele barabarani, sindano inanitoka kwenye mstari na inabidi nifumue. Msichana anasema safari hii hesabu zilimwendea vizuri, lakini hata mwaka jana alisema hivyo. Mjomba alisema mwaka mmoja tu, na ni mtu wa neno lake. Poda sijanunua, na rais nimemkataza hata kupita karibu na duka la poda.

Ila kuna asubuhi moja ya mwanzo wa mwaka huu wa shule ninayoirudia ninapokosa usingizi. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni kwangu, nimshonee mfuko wa suruali. Akapita yule mzee mkubwa wa kambi.

"Ule mutoto wako," akamwuliza, "ule wa poudre. Iko namna gani?"

Mjomba alitazama barabarani. Msichana alikuwa anashuka kilima na vitabu vyake, katika sketi ya sare ambayo nilikuwa nimeiongeza pindo.

"Anapita," akasema mjomba.

Mzee akampongeza tena bila kugeuka kutazama, akaenda zake. Mjomba akanigeukia, ametahayari kidogo.

"Mama, nilidanganya?"

Msichana alikuwa amefika mbele ya mlango. Alituinamishia kichwa, akaendelea kuelekea shuleni.

"Hapana," nikamwambia. "Si unamuona?"