Sanda ya Bi Zuwena Yatoka Matembezi

Bi Zuwena si mtu wa kupoteza vitu ovyo. Alikuja London akitokea Unguja miaka michache baada ya Mapinduzi, akapiga pasi mashuka ya hospitali miaka ishirini na miwili, na chumbani kwake pale Peckham kila kitu kina mahali pake. Sasa Jumamosi ile ya mwisho wa Oktoba anafungua sanduku lililo chini ya kitanda, sanda yake haimo!

"Lahaula! Nimeibiwa sanda!"

Jamani, nani wa kuiba sanda? Ilikuwa bafta nyeupe, wari kumi, imeoshwa kwa maji ya zamzam. Marehemu mumewe, Ameir, alinunua mbili Makka, yake na ya mkewe. Yake ameshaondoka nayo, mwaka wa tatu huu. Hii ya pili Bi Zuwena huitoa kila Ijumaa, akaipigisha upepo na kuifukiza udi, huku mjukuu wake Muzne, mtoto wa miaka minane, akimtazama.

"Nguo yangu ya safari hii," humwambia. "Siku nikiivaa, nakwenda kwa babu yako."

Ndipo akakumbuka. Mchana ule Muzne alitoka na jirani yao Winifrida, wakienda kwenye maandamano ya Halowini, ya kujigeuza vitisho. Na mtoto alisema anakwenda kuwa mzuka!

Bi Zuwena akajitupia buibui, mbio.

Njia ilikuwa haipitiki. Wachawi wa kofia ndefu, mifupa inayokata kiuno, baba mzima na kitambi chake kajigeuza boga! Kwao Unguja pepo hufukizwa na kubembelezwa wateremke. Huku wanatembezwa barabarani wakila peremende. Bi Zuwena akasonya. Lakini ngoma ilikuwa tamu, asiseme uongo, na miguu ikaanza kuifuata bila kuomba ruhusa.

Tabu ilikuwa mizuka. Walikuwa wengi, wote wamejigubika nguo nyeupe, wote wafupi. Akawa anawakamata mmoja mmoja, anawapapasa nguo.

"Poliesta," akasema, akamwachia wa kwanza. Wa pili: "Shuka la kitanda cha mtu mmoja, tena limechoka." Mama wa mzuka wa tatu alimkodolea macho, Bi Zuwena akamchekea, akapita.

Wa sita, mkono ulijua kabla ya macho. Bafta! Na nyuma yake mkia mrefu wa bafta, umebebwa na Winifrida aliyejivika mbawa za popo.

"Shikamoo, Bi Zuwena! Kumbe umekuja? Mtoto kaniambia shuka umempa wewe."

"Marahaba, mwanangu. Hilo shuka ndiyo sanda yangu."

Winifrida akauachia mkia kama kashika kaa la moto.

Bi Zuwena akainama. Usoni pa mtoto palikuwa na matundu mawili yaliyokatwa kwa mkasi, na ndani yake macho mawili yanamtazama. Roho ilimuuma. Ameir aliibeba nguo ile kifuani safari nzima, hakukubali kuitia kwenye mizigo.

"Kwa nini, Muzne? Mashuka yamejaa kabati zima!"

Muzne akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Kiswahili anakisikia chote, ulimi ndio haukitaki. Alisema ameitoboa makusudi. Nguo ya safari ikitoboka, haivaliwi tena. Sasa Bibi hawezi kwenda kwa Babu.

Bi Zuwena alifungua mdomo amkaripie. Kilichomtoka ni kicheko, kikaja na machozi yake, na Winifrida akabaki anatazama, hajui ampe kitambaa au acheke naye.

Bi Zuwena akaukunja mkia mkononi usizidi kuingia tope, akamshika mzuka wake mkono, wakaifuata ngoma.

"Ameir, niwie radhi, bwana," akasema kwa sauti, katikati ya wachawi wote wale. "Nimezuiliwa."