Mgeni wa Buibui

Mbona mgeni wa buibui hakuwahi kufika? Swali hilo lilinikosesha raha nilipokuwa na miaka tisa, enzi zile nyumba yetu ya Kariakoo ikiwa bado ya chini, ina uwani wenye bomba moja, na jioni mtaa mzima unanukia samaki wa Feri wanaokaangwa.

Ninyi tuliocheza pamoja rede na kombolela mnakumbuka: buibui alikuwa mtu wa nyumbani. Ukijikata na wembe, mtu mzima alibandua ule utando mweupe ukutani akakubandika kidondani, ukarudi mchezoni. Kumuua ilikuwa mwiko. "Huyo alimsitiri Mtume pangoni," bibi alikuwa akituambia, "wewe na kandambili yako ni nani?" Tena buibui akishuka na uzi wake kutoka darini, maana yake mgeni yuko njiani, na mgeni anapikiwa kabla hajafika.

Mwaka ule bibi alikuwa na buibui wake mwenyewe, mkubwa kama kizibo cha soda, kwenye pembe ya dari juu ya kitanda chake. Ijumaa tulifagia utando nyumba nzima, ila pembe ile hatukuruhusiwa kuigusa. Asubuhi bibi akitoka chumbani na kusema, "Leo ameshuka," tulijua mchana kuna wali wa nazi, na sufuria itakuwa ile kubwa.

Nikaanza kuhesabu, nikichora mistari ya mkaa nyuma ya mlango wa choo. Buibui alishuka, mgeni hakuja. Kila mara chakula kikishaiva, bibi alipaza sauti juu ya ukuta wa uwani kuelekea nyumba ya pili: "Mama Aneth! Mgeni wangu kanitupa! Njoo na watoto mnisaidie, wali utachacha huu!"

Mama Aneth alikuwa Mchaga, anauza viatu vya mitumba Mchikichini, mwanamke wa kujisimamia. Mumewe alipougua akapelekwa Moshi, meza yake sokoni ilifungwa, na jiko lake likawa haliwaki kila siku. Hata sisi watoto tulijua, maana Aneth alianza kukaa pembeni wakati wa rede, anasema miguu haina nguvu. Mama yangu aliwahi kuwapelekea sahani. Ilirudi imefunikwa vilevile, na "asante, tumeshakula" juu yake. Lakini kusaidia kumaliza chakula cha mgeni asiyefika, hilo Mama Aneth alilikubali.

Siku moja tumekaa mkekani, nikaona nitoe matokeo ya utafiti wangu. "Bibi, buibui wako muongo. Ameshuka mara kumi na moja, hajaja mgeni hata mmoja. Anakuja Mama Aneth tu."

Mkono wa Mama Aneth ukasimama juu ya sinia. Aneth akameza tonge harakaharaka, kama anayejua ni la mwisho. Mama yake akaanza kujifuta vidole kwenye kanga. "Watoto, naweni tuondoke."

"Ungekuwa wewe ndiye mgeni," bibi akaniambia bila hata kugeuka, "ungekuja nyumba yenye mtoto wa maswali namna hii? Ndiyo maana hawafiki!" Aneth akacheka mpaka wali ukamtoka puani. "Na wewe Mama Aneth, kaa mwanangu. Meno yangu haya manne yatamaliza sinia? Au nimwage?"

"Kumwaga tena, bibi? Hapana," akasema Mama Aneth, akakaa.

Mimi nilifinywa paja, na utafiti ukafungwa. Baadaye Baba Aneth alipona, meza ikafunguliwa, na buibui naye akaacha kushuka. Ilibidi nifike chuo kikuu ndipo niyaunganishe hayo mawili, na bado najiita mtu wa kuhoji kila kitu.

Siku hizi pale kwetu pamesimama ghorofa. Mdogo wangu Salma amepanga humo, juu kabisa, na hajui jina la jirani wa mlango unaotazamana na wake. Mwezi uliopita alituma video kwenye kundi la familia, simu inatetemeka: "Jamani, kuna buibui bafuni, mtu aje!" Alishammalizia kopo zima la dawa ya kupuliza. Kijana huyuhuyu anapanda bodaboda bila kofia kutoka Buguruni, lakini buibui wa ukubwa wa punje ya dengu anataka kumhamisha nyumba.

Nikaenda. Shangazi Zuhura, binti mkubwa wa bibi, naye akaja nami. Kumbe buibui wa leo naye analeta wageni, ila hakuna sufuria iliyotangulia kuinjikwa. Tuliagiza chipsi, kila mtu akala kwenye boksi lake.

Tulipofika, Salma alikuwa kasimama juu ya kiti. Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. "Bibi yake mtupu!" akasema. Ndipo akanieleza kwamba bibi aliogopa buibui kuliko kitu chochote duniani, na mwaka ule alipomwacha yule darini hakulala kitandani kwake hata siku moja. Alilala chumbani kwa shangazi, mkekani, kanga usoni, akirudi kwake alfajiri kabla hatujaamka, mpaka Baba Aneth alipopona.