Shangazi na Bafu la Warumi

Kazi yangu ni kujenga nyumba ambazo hazipo, kwa ajili ya watu waliokwisha kufa, na sijawahi kushika mwiko wa simenti hata siku moja. Ukiniuliza mtaani, nitakujibu kwa sauti nzito kwamba nasanifu upya majengo ya kale kwa kompyuta. Ukimuuliza mke wangu, atakwambia nacheza gemu na kulipwa. Majirani hawana muda wa maelezo. Wao wananiita Injinia wa Magofu, na nimeshazoea kuitika.

Kuna watu wanaochimba ardhi katika nchi za mbali, huko ambako Warumi wa kale walijenga miji ikaja kufukiwa na mchanga. Wanapata kipande cha ukuta, nusu ya nguzo, vigae vya sakafu vya kujaza ndoo. Wanapima, wanapiga picha, wananitumia. Mimi nakaa chumbani, kati ya kitanda na kabati la nguo, nainua ukuta, nasimamisha nguzo, naezeka paa ambalo hakuna aliye hai aliyewahi kuliona. Tuna sheria moja: kilichopatikana kweli tunakipaka rangi yake, na tunachokisia tunakiacha cha kijivu, ili mtazamaji asidanganyike. Majengo yangu mengi ni ya kijivu kuanzia kiunoni kwenda juu. Wanaonijua vizuri wanasema na mimi ni hivyohivyo.

Mwaka mmoja nilipewa nyumba ya kuogea. Warumi walikuwa na mabafu ya watu wote, yenye ukumbi wa baridi, chumba cha uvuguvugu, chumba cha moto, na tanuri linalopeleka joto chini ya sakafu. Nilijenga mabwawa ya marumaru huku bomba letu likikoroma bila kutoa tone. Nilikuwa natoka kwenye mvuke wa watu wa kale na kwenda kuoga kwa kopo. Mke wangu akawa anachungulia mlangoni na kuuliza kama huko kwa Warumi siwezi kumchotea japo ndoo moja ya kufulia.

Jengo likaisha, likawa zuri, nami nikavimba kichwa. Lilipungukiwa na kitu kimoja tu: watu. Jengo lisilo na mtu ndani yake huwezi kujua kama ni ukumbi au ni sanduku la viatu. Watu wa kununua, wale waliochongwa tayari kwenye kompyuta, wote walikuwa vijana wenye vifua vipana na nyuso ambazo hazijawahi kudaiwa kodi. Profesa, mama mkali aliyesimamia mradi na ambaye namjua kwa simu tu, akasema hao hawafai, wanafanana na tangazo la mafuta ya kujipaka.

Nikamwambia asijali, watu ninao. Nilikuwa na ukoo mzima.

Nikawakusanya Jumapili moja sebuleni. Kila mmoja alijifunga shuka, akasimama tuli katikati ya chumba, nami nikamzunguka na simu nikimpiga picha kila upande. Kompyuta huziunganisha picha hizo na kutoa mtu kamili, anayeweza kutembezwa kokote. Ilikuwa vurugu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni karani na ana tumbo la karani, alitaka awe jemadari wala si kitu kingine. Binamu zangu waligombea useneta. Mke wangu alikataa katakata kuvaa shuka mbele ya watu, kwa hiyo yeye nikamchukua uso tu, nikaupachika kwenye sanamu.

Shangazi ndiye aliyekuja amejiandaa. Huyu ni dada wa marehemu baba, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa mdogo wa kubebwa mgongoni. Alinilea kwa kuuza mikate kwenye lango la hospitali, amesimama na sinia lake, jua liwe kali au mvua inyeshe, mpaka magoti yakagoma. Nilikuwa nimemwambia kwa simu kwamba yeye atakuwa mke wa liwali.

"Liwali wa mji mzima?" aliniuliza.

"Wa mji na vitongoji vyake, shangazi."

Basi alikwenda saluni. Alivaa hereni zake za harusini. Alikuja na shuka lake mwenyewe, jeupe, lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Sisi tulikuwa tunacheka na kusukumana, yeye hakucheka. Alisimama wima, akainua shingo, akaniambia nipige picha taratibu, nisiharakishe.

Nikamweka katikati ya ukumbi mkubwa, chini ya kuba. Nikampelekea Profesa kazi yote, nikakaa nikisubiri pongezi.

"Huyu bibi anatafuta nini katikati ya wanaume?" ndilo jambo la kwanza alilosema. "Mchana ilikuwa zamu ya wanaume. Mtoe. Halafu mlangoni hujaweka mtu, na wachimbaji wamepata pale benchi la mchuuzi na alama za hesabu zilizokwaruzwa ukutani. Pale panataka muuza mikate."

Hapo ndipo ujinga wangu ulipojionyesha kuwa umesoma. Ningeweza kumpiga picha mtu mwingine. Ningeweza kumtoa shangazi na kumwambia samahani, historia imekataa. Nikaona kwa nini nihangaike, wakati muuza mikate ninaye? Nikamvua hereni, shuka jeupe nikalifanya la rangi ya vumbi, nikampa sinia, nikamsimamisha mlangoni. Ajabu ni jinsi alivyokaa sawa. Wale wengine walinisumbua, huyu anatembea kama ana mwiba, yule shingo imepinda. Yeye sikuhitaji hata kutazama picha. Nilijua anavyoegemeza sinia nyongani, anavyoinua kidevu kumwita mteja, anavyohamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

Profesa akasema yule mama wa mlangoni ndiye mtu wa kweli kuliko wote. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi nililala usingizi wa pono na shangazi sikumwambia neno. Jengo lile na watu wake nililigeuza filamu, nayo ilikuwa inakwenda kuonyeshwa kwenye jumba la makumbusho ng'ambo, na nani wa kwetu angefika huko?

Nilimsahau shemeji. Shemeji hana cha kufanya ofisini baada ya saa sita, na alikuwa akiusaka ujemadari wake mtandaoni kila siku. Akaipata filamu kwenye ukurasa wa makumbusho, akairusha kwenye kundi la familia la WhatsApp: "Ukoo wetu umefika Roma! Mwoneni shangazi na biashara yake!" Kundi likawaka moto. Binamu mmoja akauliza mkate bei gani. Mwingine akaagiza miwili, apelekewe kwenye mvuke. Nyuso za kucheka zikajaa, na mimi, mtoto niliyelelewa nikaleleka, nikaongeza ya kwangu, ile inayotoa machozi.

Kisha kioo cha simu kikaandika kwamba shangazi ameondoka kwenye kundi.

Nikampigia, hakupokea. Nikapiga tena, simu ikawa imezimwa.

"Ulimwambia?" mke wangu akaniuliza.

"Sikumwambia."

"Ulimuuliza?"

"Nimuulize nini sasa? Profesa ndiye..."

"Wewe mawe ya watu unayauliza yalikaa wapi. Nguzo umeihangaikia wiki nzima. Mtu mzima aliyekulea humuulizi."

Nilikwenda kwa shangazi kesho yake, na njiani nikapanga maneno. Nilikuwa na hoja nzuri: benchi, alama za ukutani, zamu za wanaume. Anaishi chumba kimoja na sebule ndogo, kila kitu mahali pake. Nikamkuta anakunja nguo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Akaendelea kukunja. Nilitamani anifokee, maana kufokewa na shangazi nimezoea, najua kunaanzia wapi na kunaishia wapi.

"Shangazi, yule Profesa..."

"Sikukasirika kwa sababu ya kuuza," akanikatiza. "Kuuza si aibu. Mkate ule ndio uliokusomesha, na nikiwa na nguvu leo ningeuza tena. Lakini wewe, mwanangu, umepewa mji. Kila chumba umekijenga mwenyewe, hukukosa nafasi. Katika mji mzima ukaniona mahali pamoja tu. Mlangoni."

Ushahidi wa wachimbaji nilikuwa nao wote kichwani, na haukuwa na kazi mle chumbani. Machozi yalinilenga, nikajifanya naangalia dari. Nilimwonea huruma, kisha nikajiona mpumbavu, maana hakuwa akiomba huruma.

"Niambie ungependa kukaa wapi," nikasema. "Nitakupeleka hapo."

Akatazama nguo iliyokuwa mikononi mwake. "Humo ndani kuna nini? Maana mimi sikuoneshwa ndani."

Nikamweleza. Ukumbi, mabwawa, chumba cha uvuguvugu chenye mabenchi ya marumaru na sakafu inayotoa joto taratibu, inayofaa kwa magoti.

"Na watu wanafanya nini humo?"

"Wanaoga. Wakimaliza wanakaa."

"Wanakaa tu?"

"Wanakaa tu, shangazi. Wengine mpaka jioni."

Akafikiri. "Basi nataka kukaa. Na hicho cheo cha mke wa liwali sikitaki tena, kina kazi nyingi. Nataka mahali ambapo hakuna mtu wa kuniuliza bei."

Nikampigia Profesa nikiwa nimejifunga kibwebwe kugombana. Hakugombana. Alisema sehemu nyingi wanawake walikuwa na saa zao, asubuhi, na kama nataka wanawake basi nitengeneze asubuhi, kwa muda wangu mwenyewe. Mlangoni, lakini, lazima pawe na muuza mikate. Ushahidi ni ushahidi.

Anayedhani asubuhi ni kitu kidogo hajawahi kuitengeneza. Filamu yangu ilikuwa na jua la mchana, na sasa ilibidi nilizungushe upande wa pili, kivuli cha kila nguzo kihame, mvuke ubadilike rangi. Wanawake wa ukoo, waliposikia kisa, walikuja wote na mashuka, na mke wangu safari hii akavaa la kwake bila kubembelezwa. Shangazi alikuja na lile lile jeupe. Hakusimama. Nilimpa kiti akakaa, nikamzunguka na simu, taratibu.

Ikabaki nafasi ya mlangoni. Nilimwendea shemeji, jemadari wetu. Ghafla akakumbuka ana kikao, akaingia mitini. Binamu mmoja alisema ana mgongo, mwingine akasema yeye ni seneta. Kila mtu alikuwa amecheka na hakuna aliyekuwa tayari kushika sinia.

Nikajifunga shuka la rangi ya vumbi, nikachukua sinia la jikoni, nikasimama katikati ya sebule. Mke wangu akanizunguka na simu.

"Inua kidevu," akasema. "Sinia nyongani. Mbona mkono unatetemeka? Mkuki kwa nguruwe, mume wangu."

Ulitetemeka kweli. Sinia halikuwa na kitu zaidi ya kitambaa na mikate michache, na kabla hajamaliza nusu ya mzunguko bega lilikuwa linawaka. Niliona haya pia, haya ya kutazamwa kila upande bila mahali pa kugeukia. Shangazi alisimama hivyo tangu naanza shule hadi namaliza, na jioni akirudi alikuwa ananiuliza mimi kama nimechoka.

Kazi ilipokamilika alikuja kuitazama kwetu. Mke wangu akambebea kiti chumbani, akamweka mbele ya kompyuta. Nikafungua mlango wa ndani, nikampitisha ukumbini, kwenye mwanga wa asubuhi, hadi chumba cha uvuguvugu. Pale ukutani alikuwapo, kwenye benchi la marumaru, shuka jeupe, hereni masikioni, miguu juu ya sakafu yenye joto, mikono mitupu mapajani. Hakuwa anafanya chochote. Wanawake walipita mbele yake wakaenda zao.

Shangazi alijitazama kwa muda mrefu. Nikadhani amechoka, nikagusa kipanya ili nimpeleke kwenye bwawa kubwa, akanizuia mkono.

"Acha hapohapo. Usinisogeze."

Nikaacha. Baadaye akauliza, "Na kule mlangoni nani anauza sasa?"

Nikampeleka nje. Nilikuwa pale, sinia nyongani, mgongo umepinda, macho chini. Mwanamke mmoja alipita bila kunitazama, na wa pili naye. Mke wangu akaanza kucheka, akaziba mdomo. Shangazi hakucheka. Alisogeza uso karibu na kioo, akanitazama yule wa kwenye kompyuta, akanigeukia mimi wa kitini, akanishika shavu kama alivyokuwa akinishika zamani nikiwa na homa.

"Umechoka," akasema.

"Nimechoka, shangazi."

"Vumilia. Mpaka saa nne wateja huwa wamepungua." Akaegemea kiti, akanyoosha miguu. "Sasa nirudishe ndani, nikakae."