Kwa Miguu Hadi Maswa

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la ushirika. Tangu anioe, kazi yake ilikuwa moja: kuchukua pamba kwenye maghala ya vyama vya msingi vijijini na kuipeleka kiwandani Maswa ikachambuliwe. Halafu likaja soko huria. Ushirika ukaambiwa hauko peke yake tena, kampuni za watu binafsi nazo zitanunua pamba. Malori yake, ambayo tayari yalikuwa yakiwashwa kwa kusukumwa, yakaegeshwa uani moja baada ya jingine, na madereva wakapunguzwa. Mume wangu alirudi nyumbani Bariadi asubuhi ambayo sikumtarajia, amebeba chupa ya chai na mto aliokuwa akiukalia kwenye kiti cha lori. Akauweka mto juu ya kabati, akaenda kulala.

Mimi nilikuwa fundi cherehani, nimeweka mashine yangu kwenye baraza ya duka moja karibu na soko. Soko huria lilinifikia na mimi, ila kwa mlango mwingine. Mabelo ya mitumba yalianza kushushwa mjini, na mwanamke aliyeweza kuchagua gauni lililokwisha kushonwa, akalivaa jioni ileile, hakuwa na sababu ya kuniletea kitambaa na kusubiri. Nikabaki na kazi ya kufupisha suruali na kubana viuno vya sketi za watu wanene wa nchi nyingine. Hata hivyo nilikuwa na mahali pa kwenda kukaa. Yeye hakuwa na mahali.

Alishinda amelala siku nyingi. Kisha asubuhi moja niliamka nikakuta hayupo. Alirudi giza linaingia, vumbi limempanda hadi magotini, akaomba maji.

"Umetoka wapi?" nikamuuliza.

"Zagayu. Nimemsalimia mama."

"Ulipata gari la nani?"

"Nimekwenda kwa miguu."

"Na kurudi?"

"Na kurudi."

Zagayu ndiko kwao. Kwa lori haikuwa safari ya kuzungumziwa. Kwa miguu, kwenda na kurudi kati ya jua kuchomoza na kuzama, lilikuwa jambo ambalo wazee walilifanya walipofuata ng'ombe walioibwa, na hata wao walirudi kesho yake. Alikula ugali mwingi kuliko alivyokula tangu aachishwe kazi, akalala usiku kucha bila kugeuka.

Baada ya hapo hakukaa. Kila baada ya siku moja au mbili aliondoka alfajiri: leo upande wa Dutwa, kesho upande wa Lagangabilili, siku nyingine njia ambazo hakutaja. Viatu vyake vya udereva viliisha soli, akachongewa katambuga za tairi pale sokoni, akazipenda. Hakubeba mzigo wala hakurudi na kitu. Hilo ndilo lililowasumbua watu. Mtu akitembea na baiskeli iliyobeba mkaa, au akiswaga mbuzi, anaeleweka. Mwanamume mzima anayetembea kutwa mikono mitupu haeleweki. Mwenye duka niliyekaa barazani kwake aliniambia kwa upole kwamba wapo wanaosema kichwa cha mume wangu kimeguswa.

Mama mkwe wangu alikuwa amefikiria jambo zito zaidi. Alikuja kutoka Zagayu amekaa nyuma ya baiskeli ya jirani, ameshika kuku jike mweusi aliyefungwa miguu. Tulisalimiana, nikampigia magoti kama ilivyo desturi, nikamkaribisha ndani. Hakutaka chai.

"Mayu," akaniambia, akiniita mama kwa Kisukuma, "mwanangu anafika kwangu, anasimama mlangoni, ananisalimia mwangaluka, anakunywa maji, anageuka. Hakai. Hali. Ameshafanya hivyo mara nne. Nimezaa watoto, najua mtoto anayetembea na mtoto anayetembezwa."

"Anatembezwa na nani, mama?"

"Hilo atalisema mfumu. Nimeshazungumza naye. Kuku huyu ni wake."

Mimi nililelewa kanisani na sikuwahi kwenda kwa mfumu, yule mganga wa kupiga ramli, lakini sikutaka kubishana na mama mkwe. Yeye alisali Jumapili kama mimi, ila aliona si busara kufunga milango mingine. Nilimwomba jambo moja: anipe nafasi nitoke na mume wangu, nione anakokwenda na anachofanya, kisha tuamue. Akamtazama kuku, akasema basi atatusubiri, lakini kuku alishwe.

Jioni nilimwambia mume wangu kwamba nataka kumwona dada yangu anayekaa Binza, pale Maswa mjini, na kwamba tutakwenda kwa miguu.

"Utachoka kabla ya saa sita."

"Nitakuambia nikichoka."

"Si mbio, wala si matembezi ya kutoka kanisani," akasema. "Ukianza unakwenda."

Tuliondoka nyota zikiwa bado juu. Nilifunga matobolwa kwenye kanga, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na yeye akabeba galoni dogo la maji. Mwendo wake ulinishangaza kwa kuwa haukuwa wa haraka. Ulikuwa mmoja tu. Kwenye kilima hakupunguza na kwenye mteremko hakuongeza. Alinikataza kukaa chini. Kama nataka kupumzika, alisema, nisimame nimeegemea mti, nihesabu pumzi chache, tuendelee. Nikikaa, magoti yataganda. Maji nilipewa kidogo kidogo hata kabla sijayaomba.

Hadi jua linapanda nilikuwa nikijisifu moyoni. Nimekua nikichota maji mbali, nikilima, nikibeba kuni, nilidhani najua kutembea. Baadaye visigino vikaanza kuwaka, halafu nyonga, halafu sehemu ya mgongo ambayo sikujua kuwa ninayo. Mjukuu wangu ana simu inayohesabu hatua, na jioni inampongeza akifikisha idadi aliyopangiwa. Aliniuliza siku ile mimi na babu yake tulipiga hatua ngapi. Najua tu kwamba mchana ulifika wakati maumivu yalikuwa kila mahali kwa usawa, na yalipokuwa kila mahali yakawa kama hayapo. Miguu ilikwenda, mimi nikatazama mashamba.

Hapo ndipo nilipoona anachofanya. Njia aliyoifuata haikuwa ya moja kwa moja. Aliacha barabara kila palipokuwa na ghala la ununuzi, akalipitia. Yale maghala yalikuwa yake kwa namna fulani. Alikuwa ameyatembelea kila msimu kwa miaka. Sasa yalikuwa na makufuli yenye kutu, na buibui milangoni. Kwenye mojawapo, mwanamke mtu mzima alikuwa ameketi mbele ya nyumba jirani akichambua takataka kwenye pamba. Alipomwona mume wangu aliinuka.

"Mwadila, dereva! Gari liko wapi?"

"Mwadila, mayu. Gari haliji."

"Lini linakuja?"

"Haliji tena, mayu. La ushirika haliji. Watakuja watu wengine na mizani zao. Usiimwagie maji ili iwe nzito, hao wataikataa."

"Nimeijaza chumba kizima. Watoto wanalala juu yake."

"Walale," akasema mume wangu. "Ila moto usisogee karibu."

Yule mama alitupa maziwa mgando kwenye kibuyu, tukanywa tumesimama, tukaondoka. Halafu nikamuuliza kama ndiyo kazi anayoifanya siku zote, kuwaambia watu kwamba gari haliji.

"Wananiuliza," akasema. "Siku ya kwanza nilikwenda kwa mama tu. Njiani wakanisimamisha kila mahali, dereva, dereva, gari lini. Hakuna aliyewaambia. Ofisi imefungwa, katibu amehama. Wanakaa na pamba ndani wanasubiri honi. Nikaona niliyekuwa nikiipiga honi ni mimi."

"Na siku ambazo hupiti kwenye maghala?"

"Siku hizo natembea tu. Nikilala mchana naota nimeachia usukani. Nikitembea, usiku naulala wote."

Akanipa maji kidogo, tukaendelea.

Tuliingia Binza jua limeshazama. Dada yangu alitushika mikono, akatutazama miguu, akafikiri tumepata ajali. Nilipomwambia tumetembea kutoka Bariadi alicheka, kisha akakasirika, akamgeukia shemeji yake: "Shemeji, dada yangu si ng'ombe wa mnada." Alinikandia miguu kwa maji ya moto na chumvi. Kidole kimoja kilikuwa kimepoteza ukucha na sikuwa nimejua.

Tulipumzika siku moja. Asubuhi ya kurudi dada aliniambia nipande basi, nimwache huyo mwenye wazimu wake aende. Mume wangu alisema hivyohivyo, kwamba basi lipo, hakuna wa kunicheka. Nilifika hadi stendi. Nikaliangalia basi, watu wakigombea dirisha, nikaona kwamba sitaki kuketi. Nimejaribu mara nyingi tangu wakati ule kueleza jambo hilo vizuri zaidi na sijaweza. Miguu iliniuma kama jipu na bado sikutaka kuketi. Tukarudi kama tulivyokuja, na safari hii mimi ndiye niliyetangulia mbele.

Mama mkwe alikuwa uani alipotuona tunaingia. Alitutazama wote wawili, katambuga za mwanawe na miguu yangu iliyofungwa vitambaa. Nilimweleza niliyoyaona: maghala, yule mama na pamba yake, watu wanaosubiri honi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo hatembezwi," akasema.

"Hatembezwi, mama."

"Na wewe je? Nimekuachia mmoja, sasa mko wawili."

Nilimwambia nilitaka tu. Aliguna, akaomba kisu. Kuku wa mfumu tukamla jioni ile kwa ugali wa mtama, na mama mkwe ndiye aliyemsifia zaidi. Alimwambia mwanawe kwamba siku akipita tena Zagayu, atakaa chini na atakula, au asipite. Tangu hapo alikaa na alikula.

Wanunuzi walikuja msimu huohuo, kampuni mbili tofauti, zikigombea pamba ileile iliyokuwa imelala vyumbani. Moja ilikuwa ikitafuta madereva. Mume wangu alichukua mto wake juu ya kabati akaenda kazini, na tangu siku alipopewa ufunguo hakutembea tena. Sitii chumvi: hata dukani alitaka kutumwa kwa baiskeli. Alinenepa. Alisema miguu ilimfaa wakati ule, na wakati ule umekwisha.

Mimi niliuza mashine ya kushona, nikanunua mitumba, nikaanza kuipeleka kwenye magulio ya vijijini, mzigo kichwani. Watu wa mjini walikuwa na mitumba tele. Watu wa ndani walikuwa hawajafikiwa. Nilikwenda gulio hili leo na lile kesho, njia zilezile alizonionyesha yeye na nyingine nilizozitafuta mwenyewe. Nilitembea hivyo kwa miaka, hadi goti la kulia lilipokataa. Wenzangu waliobebwa na magari walinionea huruma, na niliwaacha wanionee.

Wakati wa msimu lori lake lilinipita barabarani mara kwa mara. Mwanzoni alisimama kila mara, akafungua mlango, akaniita nipande, na mara nyingi nilikataa kwa sababu nilikuwa nimeshaushika mwendo. Akaacha kusimama. Badala yake, akiniona kwa mbali alipunguza mwendo, akanipita polepole kama anayepita karibu na mgonjwa, ili vumbi lisinifunike, na abiria waliokuwa juu ya magunia ya pamba wakamlalamikia kwamba anawachelewesha.