Bakuli la Santuri

Fundi redio wa Nyanga hafungui redio ya mtu kabla ya kupangusa vidole vyake, kimoja kimoja, kama padre kabla ya misa. Ujanani mezani pake palivuma rege, baadaye rumba. Sasa mvi zimemjaa, ni jazi tu, saksafoni isiyo na maneno, naye huifuatisha kwa mluzi mdogo. Mchana mmoja mama yake alimletea senene kutoka Buganguzi, ndani ya bakuli jeusi lenye tundu katikati, lililozibwa kwa jani la mgomba. Mluzi ukakatika. Bakuli hilo alilitengeneza mwenyewe akiwa na miaka kumi na sita, kwa kulainisha santuri ya jazi ya baba yake kwenye maji ya moto. Santuri zote alizimaliza hivyo, huku baba yake, ambaye sasa ni marehemu, akitazama.

“Ee, fundi! Si ulisema jazi ni kelele za walevi?” mama alicheka, akitikisa mabega. “Baba yako angekuwepo, leo mngecheza wote.”

Fundi alipitisha ukucha kwenye mistari iliyopinda ya bakuli, polepole, kama sindano ya gramafoni, kisha akazima redio.

“Mbona umezima?”

“Betri imekwisha, mama,” alijibu, na waya wa umeme ulikuwa umechomekwa ukutani, mbele ya macho yao wote wawili.