Omena Ilivyotuficha Nyuso

Kwa miaka minne nilijiita mpiga picha na sikujua kamera inafanyaje kazi. Leo nalisema bila aibu, kwa sababu aibu yenyewe niliimaliza yote siku moja ufuoni Muhuru Bay, mbele ya mama yangu.

Studio yangu ilikuwa Kehancha, chumba kimoja chenye shuka jeupe ukutani na taa mbili. Nilipiga picha za pasipoti na za wanafunzi waliomaliza shule. Aliyeniuzia kamera alikuwa amekizungusha kile kigurudumu cha juu hadi kwenye alama ya kijani, akaniambia nisikiguse, nami sikukigusa. Taa hazikubadilika, shuka halikubadilika, picha zikatoka sawa. Kiburi kikanijaa.

Mama hukausha omena, wale dagaa wa ziwani, na kuiuza. Kikundi chao cha akina mama kilipojenga stoo yao wenyewe, walitaka picha moja kubwa ya kutundika ndani, wanachama wote pamoja na omena yao. Wengi walitaka aitwe mpiga picha fulani wa Homa Bay, mtu mwenye jina. Mama, ambaye huwa hasemi kitu mkutanoni, siku hiyo alisimama akasema binti yake anatosha.

Nilifika saa sita mchana. Saa hiyo ndiyo omena huwa imekauka na kung'aa, na akina mama hawangekubali ionekane ikiwa bado mbichi. Nikawapanga vizuri, nyuma yao nyavu zote zilizoanikwa omena, na nyuma ya nyavu ziwa, kila kitu kikimeremeta. Nikabofya mara arobaini. Jua lilikuwa kali hata sikuona kitu kwenye kioo cha kamera, nikajiambia ziko sawa tu. Nikatuma moja ikachapishwe kubwa mjini Migori, na ilipokuja nikaikunjua mbele ya kikundi kizima bila hata kuichungulia.

Omena ilionekana moja moja, ungeweza kuihesabu. Lakini akina mama kumi na wanane walikuwa weusi tii kama sufuria za kuni, bila jicho wala pua.

"Sasa hii ni picha ya sisi ama ni ya omena?" mwenyekiti akauliza.

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama hakucheka. Alingoja wanyamaze, kisha akasema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mpatieni nafasi moja tu. Akishindwa, mwiteni huyo wa Homa Bay, na mimi sitasema kitu tena kwa hii kikundi."

Namjua mama. Neno akishalitoa halirudi. Nikishindwa tena, nitakuwa nimemfunga mdomo mbele ya wenzake kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilirudi Kehancha na hasira: kwanza kwa kamera, halafu kwa jua, mwisho kwa nafsi yangu. Mapazia yangu ya ziada nilikuwa nayaweka kwenye banda la jirani la kukaushia tumbaku, kwa kuwa msimu ulikuwa umekwisha na banda lilikuwa tupu. Halina dirisha, ili joto lisitoroke. Niliingia mchana kutafuta pazia, upepo ukaufunga mlango, na kwenye ukuta mbele yangu nikaona barabara ikiwa juu chini. Bodaboda ilipita karibu na paa, magurudumu juu, na ng'ombe watatu wakaifuata wakikanyaga hewa.

Nilipiga kelele, nakiri. Kisha nikageuka. Udongo ulikuwa umebanduka kwenye ukuta wa pili, ukaacha tundu la kuingia kidole, na nuru iliyopita hapo ndiyo iliyoleta barabara yote ndani. Nikaziba nusu ya tundu, barabara ikafifia. Nikaachia, ikarudi. Kumbe kamera ni banda lenye giza na tundu! Nilikaa humo mpaka jua likahama.

Siku hiyo hiyo nikafungua kijitabu cha kamera kwa mara ya kwanza. Tundu la lenzi laweza kupanuliwa au kubanwa. Pazia la ndani hufunguka kwa muda mrefu au mfupi. Na kile kibamba kinachopokea nuru chaweza kufanywa kihisi haraka zaidi, ila ukizidisha, picha hujaa chengachenga. Alama yangu ya kijani ilikuwa ikijiamulia hayo yote kwa kukisia. Haimjui mama yangu. Ikiona weupe mwingi hudhani nuru imezidi, hupunguza, na nyuso zetu nyeusi hutupwa gizani.

Nikarudi Muhuru Bay, saa sita ile ile. Safari hii niliwasimamisha chini ya kivuli cha paa la stoo, mgongo ukutani, na nyavu za omena juani mbele ya miguu yao. Mng'ao wa omena ukawapanda usoni. Nikakitoa kigurudumu kwenye alama ya kijani, nikamsogelea mama hadi uso wake ukajaza kioo chote, nikapima nuru hapo na kupiga moja ya kujaribu. Nikafunika kioo kwa leso, nikamwonyesha.

"Huyu mzungu ni nani?" akauliza.

Alikuwa na haki. Uso mweusi nao kamera hutaka kuupausha. Nikafupisha muda wa pazia kidogo, nikarudi nyuma bila kugusa kitu kingine.

"Haraka, mawingu yanakuja na omena iko nje!" mwenyekiti akafoka.

Nikabofya mara tatu tu. Nikaingiza kichwa ndani ya leso nikatazama. Wote kumi na wanane walikuwepo! Mwanya wa mwenyekiti, magamba mikononi, weusi wa kila mmoja ukiwa wake mwenyewe. Niliruka, nikalia, nikaruka tena. Mwenyekiti alipotazama alipiga kigelegele, na wenzake wakakipokea.

Mama aliishika kamera muda mrefu. Kisha akanirudishia, akaenda kusimama peke yake ukutani, akavua kitambaa cha kichwa, mvi zote nje.

"Sasa nipige mimi, nyathina, mwanangu," akasema. "Hao wengine wangoje."

Wakangoja, mwenyekiti pia.